Upepo Katika Giaboksi ya Shabani

Omurushaka, Karagwe
Jumapili, 11 Agosti 2024

Kwa Dada yangu Deodatha,
Nkwenda, Kyerwa

Dada, Tumsifu Yesu Kristo.

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima yote inayokustahili, na kabla ya neno jingine naomba kujua hali yako na hali ya wapwa zangu. Nilipata habari kwamba Winston alisumbuliwa na kifua wakati wa baridi ile ya Julai. Natumaini amepona na ameanza tena kuwatesa walimu wake kwa maswali. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Wifi yako ni mzima, isipokuwa goti lake linalotabiri mvua kuliko redio. Kahawa imeiva kwa wingi mwaka huu, tunaianika kila kukicha, na kila wingu likipita tunakimbizana na maturubai uwanjani. Yule ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike, mwekundu, mkaidi kama yeye.

Najua umeigeuza bahasha hii mara mbili kabla ya kuifungua. Barua ya karatasi, enzi hizi, kutoka kwa mdogo wako mwenye simu mfukoni! Sababu ipo na utaikuta mbele. Nakuomba tu usiichane kwa hasira kabla hujafika mwisho, maana nakujua, na mkono wako nauogopa tangu utoto.

Niseme kwanza lile linalokuuma, lisikae kati yetu kama mgeni asiyekaribishwa. Siku tulipomaliza matanga ya Mama mwezi wa nne, ulipiga magoti mbele ya Mzee Mugisha na wazee wote wa ukoo, ukainamisha kichwa kama tulivyolelewa, ukaniomba mimi mrithi wa kibanja, shamba la Baba, nikupe kipande cha chini, kule kwenye mbuni mzee wa kahawa, ujenge vyumba viwili. Ulisema tangu shemeji afariki, ndugu zake wamekutoa katika nyumba, na watoto wako wanalala kwenye chumba cha kupanga. Nami sikukujibu neno. Nilikutazama, nikainuka, nikaenda kuwasaidia watu kukunja turubai. Kwetu mtu asiyemjibu dada yake mbele ya wazee amekwisha kumjibu. Uliondoka alfajiri bila kuniaga, na tangu siku hiyo hujakanyaga kwetu Kihanga.

Jibu lako ninalo, Dada, na limo humu humu. Lakini nivumilie kwanza nikusimulie habari ya gari, kwa sababu bila gari hiyo nisingekuwa na la kukuandikia. Usiruke ukurasa.

Unamkumbuka Shabani, mwenye duka la mabati na misumari pale Nyaishozi, ambaye watu wanasema babu yake alikuja kutoka Pangani akiwa na mkeka na kibuyu tu. Unaikumbuka na Hiace yake nyeupe, ile ya zamani yenye gia za otomatiki. Ndiyo iliyomleta Mama kutoka hospitali hadi nyumbani. Nilipotaka kumlipa hata mafuta, Shabani alinishika mkono akasema maiti hatozwi nauli. Na si kwa Mama tu. Awe Mwislamu, awe Mkatoliki, awe Mlutheri, msiba ukitokea kati ya Nyaishozi na Kiruruma, gari hiyo huenda bila kuulizwa. Watu wameizoea hata wakiiona inapita taratibu huvua kofia kabla ya kuuliza ni nani.

Basi mwezi wa saba Shabani aliniletea habari mbaya. Alisema amepakia mgonjwa kumpeleka kliniki, na kwenye mlima wa kutoka Nyaishozi injini ikanguruma kwa nguvu zote lakini gari haikwenda mbele. Ikabaki pale inalia, kisha ikaanza kurudi nyuma polepole na mgonjwa ndani, mpaka watu wakaitia mawe chini ya magurudumu. Mgonjwa alimalizia safari kwa pikipiki, ameshikwa mbele na nyuma. Shabani alikuwa amekata tamaa. Alinieleza kwamba amepata mnunuzi wa vyuma chakavu, na kama mimi nasema haitengenezeki, ataikata. Nilimwambia asithubutu. Nilimwambia gari iliyombeba mama yangu haitakatwa nikiwa hai na mkono wangu unashika spana.

Unanijua na majivuno yangu. Mafundi wengi wa huku wakiona otomatiki wanafanya ishara ya msalaba. Wanasema ni ugonjwa wa mijini. Mimi ndiye ninayezifungua, na nimeishi kwa sifa hiyo. Niliitoa ile giaboksi, nikaifungua juu ya meza, na nikakuta nilichotegemea. Ndani ya giaboksi ya namna hiyo hakuna kanyagio la klachi, bali oili nyekundu inasukumwa na pampu kwenye vijitundu, inaingia katika dramu, chombo cha chuma kama sufuria ndogo, inasukuma pistoni, na pistoni inabana sahani za klachi. Hapo ndipo gia inashika. Pistoni imezungukwa na sili za mpira. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, oili inapenya pembeni, na gari inanguruma bila kwenda. Sili za gari ile zilikuwa zinavunjika mkononi kama ganda la karanga.

Nilinunua sili mpya, nikazilaza kwenye oili, nikazivisha pistoni. Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Huwezi kuirudisha giaboksi ndani ya gari kwa matumaini. Lazima kila dramu uipime kwanza mezani kwa upepo wa kompresa. Unapuliza kwa kiasi katika kile kitundu cha oili. Pistoni ikiwa nzima, inagonga mara moja, tup, unaisikia kiganjani, na inabaki imebana. Ikiwa sili inavuja, upepo unatoka pembeni kwa mlio mwembamba, kama wa nyoka. Kwa hiyo fundi anapopima hufanya mambo mawili, anashika na anasikiliza. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyowafundisha wengine huku nimekunja uso kama padri.

Ilikuwa mchana. Kompresa ilikuwa imejaa na kuzimwa, na wale mafundi wa bodi wanaogonga mabati kutwa nzima jirani yetu walikuwa wamekwenda kula, kwa hiyo karakana ilitulia. Nilipuliza dramu ya kwanza, ikagonga vizuri. Nikapuliza ya pili, nayo ikagonga. Nikasema kwa sauti kwamba kazi imekwisha, giaboksi inarudi ndani leo hii.

Nolasco alikuwa chini ya Canter upande wa pili wa uwanja. Ni yule fundi wa springi mwenye kicheko kikubwa, tumekaa naye karakana moja tangu tulipokuwa vijana, na ndiye aliyeshika kamba moja ya jeneza la Mama tulipokuwa tukilishusha kaburini. Alitoa kichwa chini ya gari akaniambia kwamba ile dramu inavuja. Nilidhani ananitania kama kawaida yake, maana ananiita Profesa. Nikapuliza tena, safari hii nimeinama mpaka sikio linakaribia kugusa chuma. Kimya. Nikamwambia arudi chini ya Canter yake. Akarudia kwamba inavuja, tena sana. Hapo hasira zikanipanda, Dada. Nilimwambia wivu utamuua. Nilimwambia mtu wa springi na kamani atajuaje mambo ya otomatiki, na maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika katika barua iliyoanza kwa Tumsifu Yesu Kristo.

Hakunijibu kwa ubaya. Alikuja akifuta mikono kwenye ovaroli, akaniomba nipulize tena. Nikapuliza. Nikashangaa kuona haiangalii dramu, ananiangalia mimi usoni. Kisha akachukua lile kopo la maji ya sabuni tunayopimia tairi, akakoroga povu kwa vidole, akalipaka kuzunguka pistoni yote, akaniashiria nipulize. Povu likavimba upande mmoja, likapasuka, likavimba tena, halikuacha. Mdomo wa sili ya ndani ulikuwa umekunjika nilipokuwa naivisha. Kosa la kawaida, hata fundi mzuri hulifanya. Ndiyo maana tunapima.

Ndipo Nolasco akanisogelea, akaniuliza karibu kabisa na uso wangu, kweli Privatus, hukuusikia mlio huo? Mimi, akasema, kutoka chini ya gari nimeusikia. Nikamwambia nina mafua. Akaniambia kwamba amekuwa akiniita kwa nyuma kwa muda mrefu sasa, na kila mara alidhani nimenuna.

Mdogo wako hasikii sauti nyembamba, Dada. Ndiyo siri yenyewe. Masikio yangu yanazimika.

Sikutaka kuamini. Nilimaliza kwanza kazi ya Shabani, maana hiyo niliiweza. Nilikumbuka jinsi Baba alivyokuwa akipima mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila ulipopasuka kwa jua. Alikuwa anaujaza maji, halafu hasikilizi wala haangalii, anapitisha mgongo wa mkono chini yake taratibu, na palipokuwa na unyevu mkono ulimwambia. Nikafanya vivyo hivyo. Nilivua sili iliyokunjika, nikavisha nyingine, nikapaka povu kila dramu na kila kitundu, na pale povu lisipofika nikalowesha mgongo wa mkono na kuupitisha, kwa sababu upepo ukigusa ngozi yenye maji unasikika baridi. Hakuna povu lililovimba wala mahali palipoleta baridi. Tuliirudisha giaboksi mimi na Nolasco, na Hiace ikapanda mlima wa Nyaishozi imebeba magunia ya saruji. Shabani alikaa kando ya barabara akaitazama inavyopanda, halafu akainua mikono akamshukuru Mwenyezi Mungu, na mimi nikainamisha kichwa kwa aibu yangu.

Kisha nikaenda hospitali. Daktari wa masikio alikuwa binti mdogo aliyevaa barakoa, na kwa kuwa midomo yake sikuiona, nilimjibu ndiyo kwa kila swali mpaka akagundua. Akaivuta karatasi akaanza kuniandikia. Aliandika kwamba ni makelele ya kazi, ile kompresa na yale mabati yanayogongwa mwaka hadi mwaka, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Aliandika kwamba sauti nene bado ninazisikia, ndiyo maana sikujitambua. Zinazopotea mwanzo ni zile nyembamba: upepo unaovuja, ndege wadogo, watoto, na mtu anayesema polepole huku ameinama, hasa mwanamke.

Nilisoma mstari huo wa mwisho mara nyingi. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, na nikakuona wewe umepiga magoti.

Dada, nilikuona, lakini sikukusikia. Nilikuona umeinamisha kichwa, kitenge kimekufunika paji la uso, mabega yanatikisika. Nilidhani unamlilia Mama. Na mtu anayemlilia mama yake haingiliwi, anaachwa alie. Machozi yalikuwa yananitoka na mimi, nikaona haya mbele ya wazee, ndipo nikainuka kwenda kwenye turubai. Hilo ndilo lililotokea. Nilikwenda kulia kwenye kamba za turubai, na nyote mkaona nimekupa mgongo.

Yale niliyokuandikia huko juu, kwamba uliomba kipande cha chini, kwamba wamekutoa katika nyumba, kwamba watoto wamebanana chumba kimoja, hayo yote sikuyajua mpaka Jumatano iliyopita. Nilikuwa nadhani uliondoka kwa sababu hukupenda nilivyogawa vitenge vya Mama. Nikasema moyoni, acha anune, atapoa. Na uliponipigia simu mwezi wa tano, nilikuwa nasikia mkoromo tu, nikawa naitikia sawa, sawa, kama ninavyowafanyia wateja, ambao kila wanachouliza nawaambia Jumamosi itakuwa tayari. Sijui uliniambia nini siku ile. Naogopa hata kuwaza.

Siku hiyo ya Jumatano nilikwenda Kihanga kwa Shangazi Mackrine. Nikamwomba akae upande wangu wa kulia, ambako bado kuna uhai kidogo, anieleze kwa kupaza sauti Deodatha alisema nini siku ya matanga. Alidhani namkejeli. Alishika ufagio. Ilibidi nimwonyeshe karatasi ya daktari, akamwita binti wa jirani amsomee, na aliposomewa aliketi chini mwenyewe, akaanza kulia huku akisema waitu, waitu, jamani, mtoto tumemhukumu bure. Kisha akanieleza yote, na kwa kuwa alinieleza kwa sauti ya kuvuka bonde, nasikitika kukujulisha kwamba sasa Kihanga nzima inajua shida zako.

Sasa mambo mengi yamenielea. Mwaka jana niliwaambia watu kwamba senene wa msimu ule wamekuja kimya, wakanicheka. Wifi yako aliacha kunisimulia habari za jioni, nikadhani mapenzi yamepoa, kumbe amechoka kurudia. Nimekuwa nikiishi kati ya watu wanaozungumza nami nikidhani wamenyamaza, na wao wakidhani nina kiburi. Inaniuma. Lakini hakuna kinachoniuma kama kukufikiria ukiwa magotini unangoja.

Hili hapa jibu lako.

Jana Jumamosi Shabani alitoa Hiace, nikaiendesha mwenyewe, nikawapitia Mzee Mugisha na wazee wote waliokuwepo siku ile, tena nikawaketisha pale pale walipokaa. Nilimwomba Mzee Mugisha arudie ombi lako kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kana kwamba ndiye wewe. Alilirudia. Nikasimama nikajibu ndiyo, kwa sauti ambayo Shangazi anasema iliwatoa kuku bandani. Halafu tukashuka wote na kamba, tukapanda milamula, mimea ya mpaka, kuanzia kwenye mbuni mzee hadi kwenye mfereji, ukijumlisha ile migomba ya Mama ambayo mikungu yake hulala chini kwa uzito. Nilitaka nisipande mpaka, nikasema mimi na dada yangu hatuhitaji kuamuliwa. Mzee Mugisha akanikemea. Alisema mpaka si wa Deodatha na Privatus, ni wa siku ambayo Privatus hayupo, asije mtu akawatoa tena watoto wale. Nikaona ana haki. Mashina yamekaa vizuri, na leo asubuhi nilipita kuyamwagilia maji.

Ukisema nimechelewa, sitabisha. Lakini kama moyo wako bado una nafasi, mpe jibu dereva wa teksi ya Noah aliyekuletea barua hii. Hiace iko tayari kuja Nkwenda kuchukua vyombo vyako siku utakayotaja, na milima yote ya njiani itaipanda. Giaboksi yake naijua, nimeipima kwa ngozi yangu.

Nina ombi moja. Ukifika Kihanga usinipigie magoti. Simama upande wangu wa kulia, inua uso niione midomo yako, na uniombe upya mbele ya wazee kama ulivyoniomba. Nataka mara hii unione ninavyokujibu.

Wifi yako anakusalimu sana, na Shangazi Mackrine anasema ameshakuwekea mbegu za maharage. Nolasco naye anakusalimu. Tumepatana, ingawa sasa ananiita Profesa kwa kupiga kelele. Wabusu wapwa zangu wote. Mwambie Winston kwamba mjomba hakumkasirikia siku ile ya matanga alipokuwa akinivuta shati na kuniuliza jambo. Aniulize tena, kwa nguvu.

Ubaki salama katika Bwana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Privatus